Kushona Bila Miwani

Nilimpa mkwe wangu shikamoo. Ndiyo, mkwe wangu, mume wa binti yangu wa kwanza, kijana ninayeweza kumzaa bila hata kuharakisha.

Nilikuwa nimekaa barazani nashona kofia, miwani nimeivua kama kawaida yangu nikiwa kazini. Mbele yangu akasimama mtu wa kanzu nyeupe. Nikajua huyu ni mwalimu wa madrasa, mzee wa mtaa wetu, amekuja kuulizia kofia yake. Nikamwambia kwa adabu zote, "Shikamoo, mwalimu." Kimya. Nikadhani masikio yake yamechoka, nikarudia kwa sauti kubwa, wapita njia wakasikia. Mkwe wa watu akaanza kukohoa. Akiitikia marahaba, amenivunjia heshima. Asipoitikia, huyu mama atamsalimia mara ya tatu. Mwisho akasema, "Mama, ni mimi," kwa sauti ya mtu anayeomba ardhi ipasuke aingie.

Mama yangu alikuwa ndani ukumbini. Alicheka mpaka akaomba maji.

Niseme mapema jinsi macho yangu yalivyo, maana bila hilo hamtanielewa. Tangu utotoni naona karibu tu. Kitu kikiwa shibiri moja kutoka puani pangu nakiona kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kikisogea hatua mbili, basi, kimekwenda, kimebaki ukungu wenye rangi. Kwa hiyo navaa miwani minene ya kuonea mbali. Lakini kushona nashona bila miwani. Nikiwa nayo, sindano inanikimbia na matundu yananywea. Navua, naileta kofia karibu na uso, na dunia yote iliyobaki naiacha huko iliko.

Kazi yenyewe ni kofia za mkono, zile nyeupe za matundu madogo madogo. Unatoboa tundu, unalizungushia uzi, unahamia la pili, mpaka ua litokee. Mama alikuja na kazi hiyo kutoka Kilwa, akanifundisha mimi. Wenzangu tuliokua pamoja wameshavuka hamsini kama mimi, na wote sasa wanasoma simu kwa kunyoosha mkono na kukunja uso. Mimi uzi natia kwenye sindano kwa macho matupu, mara moja tu. Kwa hilo nilikuwa naringa, sifichi. Bwana harusi anayejua kofia, hapa Kariakoo, ataletwa kwenye baraza letu. Nyumba hii imekula kwa matundu hayo.

Sasa binti yangu, aibu ya mumewe ilipomfikia, akaja mbio. "Mama, siku hizi wanatengeneza macho kwa leza. Dakika chache tu, miwani unaitupa. Gharama tuachie sisi."

"Umri huu?" nikamwambia. "Nikatafute urembo wa macho, niende wapi?"

"Ng'ombe hazeeki maini," mama akadakia kutoka kwenye mkeka.

Tulicheka, yakaisha. Kwangu hayakuisha. Lile neno leza lilinikaa kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Nikawa situlii. Nashona matundu matatu, naweka kofia chini, navaa miwani, naangalia barabara. Naona nini? Pikipiki, wasukuma mikokoteni, ghorofa jipya linalotuzibia upepo. Navua miwani, narudi kazini. Muda si muda nimesimama tena. Mama akawa ananiuliza kama nina mchango wa tumbo.

Nilikuwa na hasira, na sikujua nimekasirikia nini. Nadhani ilikuwa ni kuchoka. Miwani kwenye joto la Dar inateleza puani kutwa nzima. Ukifunua sufuria, inaingia mvuke. Ukisali, unaivua kwa ajili ya sijda, halafu unapapasa mkeka kama kipofu. Kwenye harusi wapambaji wananiambia, "Mama, vua miwani upendeze," basi picha zangu zote za harusi za watu nimetoa macho naangalia hewa. Na zaidi ya yote hayo, nimekaa kwenye baraza hili tangu niko mtoto nikiangalia shibiri moja ya kitambaa. Jamani, mtu si anaweza kutaka kuona mbali kidogo kabla hajafa?

Shule niliacha darasa la tatu. Hadithi ya nyumbani ilikuwa fupi, na sikuwahi kuihoji: mtoto ana macho mabovu, haoni ubao, anachapwa kila siku kwa kunakili makosa, shule haimfai. Siku moja mama akaniambia nisivae sare, nikae naye tushone kofia. Nilifurahi, kusema kweli. Nilikuwa nimechoka na fimbo. Miwani ya kwanza nilikuja kuvaa nikiwa mke wa mtu, na watoto wangu wote wamesoma mpaka mbele. Kwa hiyo nilijiona sina deni na mtu.

Nikaenda kupimwa. Sikumuaga hata jirani, maana mtaa wetu ukikohoa Msimbazi wanakupa pole Gerezani. Hospitali iko upande wa Mchafukoge, ghorofani, ina baridi ya kiyoyozi mpaka nikajifunga khanga juu ya baibui. Daktari alikuwa binti mdogo, mchangamfu, akanipa shikamoo yangu nikaipokea vizuri, na safari hii nilikuwa na uhakika na ninayesalimiana naye. Nikaweka kidevu kwenye mashine moja, nikahamishiwa nyingine, nikatiwa matone, nikaangalia taa nyekundu, nikaambiwa nisipepese, nikapepesa.

Akakaa, akaniambia inawezekana. Kioo cha mbele cha jicho langu ni kinene, kinachongeka. Nikaanza kumshukuru. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Mama unafanya kazi gani?"

Nikatoa kofia kwenye mkoba. Akaigeuza, akaipeleka dirishani. "Unashonea lenzi gani ya kukuza?"

"Macho yangu haya."

Akairudisha mezani taratibu. "Basi tuongee vizuri, mama."

Akanieleza kwa Kiswahili cha kueleweka, Mungu ambariki. Jicho la kijana linahama, linaangalia mbali likarudi karibu. Jicho la umri wangu limeshakazana, halihami. La kwangu limekaa karibu. "Nikilipeleka mbali litakaa huko huko mbali. Karibu utaona kwa miwani ya kusomea, kama wenzako. Msahafu utasoma, mchele utachambua. Lakini haya matundu, kwa ukaribu huu unaoshonea, sikuahidi. Na nikishachonga, mama, siwezi kurudisha."

Nikamuuliza hakuna njia ya katikati? Akasema ipo, jicho moja la mbali na jingine tunaliacha karibu, ubongo unazoea.

"Jicho moja huku, jingine kule? Mimi kinyonga?"

Alicheka. Akaniambia pia nisidhani ni tiba ya milele, mtoto wa jicho atakuja tu na umri, leza haimzuii. Halafu akafanya jambo la busara. Alinipa lenzi laini za kubandika ndani ya jicho, zenye nguvu ya kuona mbali, mfano wa vile nitakavyokuwa nikikubali. "Usiniamulie leo. Nenda kaishi nazo kwanza, halafu uje uniambie unataka nini."

Nilitoka pale miwani ikiwa ndani ya mkoba na uso wangu mtupu. Lahaula! Watu wana sura! Ninajua watu wana sura, lakini kwa miwani naziona kama kupitia dirisha la mtu mwingine. Sasa zilikuwa zinanijia zenyewe. Nilisoma mabango yote, mengine kwa sauti, mpaka msukuma mkokoteni akanipigia kelele, "Mama, utagongwa bwana, soma ukifika!" Nikaona nguo za watu zimeanikwa ghorofa ya juu kabisa, na nyingine hazifai kuanikwa mbele za watu. Nikamwona mwenye duka mmoja, mteja wangu wa miaka, ng'ambo ya barabara, ananiona nakuja na anasonya kabla hajajitengeneza na kunichekea. Loo! Kumbe ndivyo unavyonipokea siku zote, baba?

Nilifika nyumbani nikapapita. Nikaenda moja kwa moja mpaka bondeni Jangwani, nikasimama naangalia ng'ambo kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Hakuna cha maana pale, maji ya mvua yalikuwa yameacha tope na matakataka. Lakini niliona mpaka mwisho. Furaha ilinipanda, na nyuma yake ikaja hasira. Vitu vyote hivi vilikuwa hapa, na mimi nilikuwa wapi?

Nikarudi, nikakaa, nikashika kofia.

Haikuwepo. Yaani nilikuwa nimeishika, lakini mbele ya macho palikuwa na bonge jeupe, na mikono yangu mwenyewe sikuijua. Nikaisogeza karibu ndiyo ikazidi. Nikainyoosha mbali, nikaona kofia, lakini matundu hakuna. Nikaenda kwa jirani yangu, naye mshonaji, nikaazima miwani yake ya kusomea. Hapo niliona matundu, lakini kama naangalia kazi ya mtu mwingine. Sindano ikaingia pembeni, uzi ukapinda. Nikajichoma kidole, damu ikadondokea kitambaa cheupe, kofia ya bwana harusi ikaharibika. Jirani akaniangalia. "Mtaka yote hukosa yote, dada," akasema.

"Nani kakuuliza?" nikamjibu, na miwani yake nikamrudishia vibaya.

Siku zilizofuata sikuwa mtu wa kukaa naye. Asubuhi navaa lenzi naamua: ndiyo, nafanya. Mchana nakumbuka oda zilizopo naamua: wazimu huu, nani atanilisha, nani ataniita fundi? Jioni binti yangu anapiga simu namgombeza kwa kunitia maneno, kesho yake nampigia mimi namuuliza tarehe. Kofia sikushona hata moja. Ni kile kitu kimoja tu kilichokuwa kinanizunguka kichwani: nikiuchukua umbali, naupoteza mkono wangu wa kushona. Na bila mkono huu mimi ni nani? Mama mwenye macho mazuri, wako wengi mjini.

Mama hakusema lolote. Mwanamke ambaye ana la kusema kuhusu bei ya nazi na mwendo wa kila mpita njia, kwenye hili alinyamaza. Nilidhani anangojea niamue mwenyewe.

Alasiri moja tulikuwa uani. Mimi upande wa ukuta, yeye ng'ambo kwenye mlango wa jiko, ungo mapajani, anachambua mchele. Nilikuwa nimevaa lenzi. Kofia nilikuwa nimeishika kwa danganya toto tu, naipitishia sindano isiyo na uzi, sikutaka mama ajue kuwa sijafanya kazi siku zote zile. Nimeinama kama ninavyoinamaga. Shingo ikanichoka, nikainua kichwa.

Mama alikuwa ananiangalia na analia.

Sisemi alikuwa na machozi machoni. Alikuwa analia. Machozi yanashuka mashavuni yanakutana kidevuni, na wala hajifichi, khanga hajaipeleka usoni, mikono inaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Alikuwa ananilia wazi kabisa, kama mtu aliye peke yake chumbani. Nikainama haraka. Nikainua tena kichwa. Bado.

"Mama, unalia nini?"

Ungo ukasimama. "Nani analia?"

"Wewe. Umelowa mpaka kidevuni."

Akashika kidevu chake, kama anataka kuhakikisha. Kisha akaniangalia usoni, akatafuta miwani, hakuiona. "Mbona unaniona, na miwani hukuvaa?"

"Nina zile lenzi, mama. Ziko ndani ya macho."

"Nilidhani ukishona unazitoa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ukishona huwa hunioni."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuanza kulia leo. Alikuwa amelia palepale, mbele yangu, tangu lini Mungu ndiye anajua, kwa sababu mimi nikishika sindano navua miwani, na nikivua miwani yeye anakuwa ukungu. Nilikuwa nimekaa naye uani maisha yangu yote, na mama yangu alikuwa analia hadharani.

"Kwa nini, mama?"

Alitikisa ungo mara moja, mara mbili. Halafu akasema bila kuniangalia, "Mwalimu wako wa darasa la tatu alikuja hapa nyumbani."

Sikumkumbuka mwalimu yeyote kuja nyumbani.

"Ulikuwa umetumwa sokoni. Akaniambia huyu mtoto si mjinga, haoni ubao tu. Mpelekeni akapimwe, avae miwani, atasoma. Akasema tena una akili. Nikamwambia nitakupeleka."

"Ukanipeleka?"

"Sikukupeleka." Akachukua punje moja ya mchele akaitazama. "Baba yako alikuwa ameshafariki. Wiki ile ndiyo ulimaliza kofia yako ya kwanza. Mimi nimeshona tangu Kilwa, mwanangu, mama yangu alishona, na hatujawahi kuona matundu kama yale. Ilipotoka tu ikagombewa. Nikasema akipewa miwani atarudi shule, na haya matundu atashona nani? Tutakula nini? Nikasema mwaka huu tu. Mwaka ukapita."

Nataka niseme nilimhurumia. Ningekuwa mtu mwema ningemhurumia. Nilichosikia ni moto. Nilitaka kumtupia ile kofia. Maisha yangu yote nilijua macho yangu ndiyo yaliyonitoa shule. Kumbe macho hayakufanya kitu. Dawa yake ilijulikana, na ilikuwa kipande cha kioo.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na kila siku unakaa hapo unanililia."

"Si kila siku," akasema. "Ukiinama sana. Ukiinama hivyo nakuona bado una miaka tisa. Nikawa najiambia, mwenyewe haoni, acha nilie."

Niliinuka nikatoka. Sikuaga. Nilitembea mitaani kwa hasira, nikamjibu vibaya aliyenisalimia na aliyenipisha. Sijui nilizunguka kiasi gani. Niliporudi mama alikuwa palepale, mchele palepale, haujaguswa. Amekaa mdogo sana. Kwa umbali ule, bila kioo, niliona jinsi shingo yake ilivyokonda, na sikuwahi kujua.

Nilitaka kumwambia mengi. Nikasema, "Leo tunakula saa ngapi nyumba hii?"

Akainuka akawasha jiko.

Tulikaa hivyo siku kadhaa, tunasemeshana ya chumvi na maji. Kabla ya kurudi hospitali nikamuuliza, kwa sababu bado ni mama yangu na radhi zake nazitaka, "Unasemaje? Nichonge haya macho, kofia ziishe? Au niache?"

"Usiniulize," akasema. "Nilikuchagulia mara moja. Sichagui tena."

Yule daktari binti aliponiona aliuliza, "Haya mama, umeamuaje? Karibu au mbali?"

"Mbali," nikamwambia. "Macho yote mawili."

"Na kofia?"

"Nimeshona za kutosha."

Sijui kama iliamua akili au hasira. Labda zote mbili, zilikuwa zimekaa pamoja muda mrefu sana kuzitenganisha. Wakati taa ya leza inafanya kazi yake nilisikia harufu kama ya nywele zimeungua, na nililia, daktari akaniambia tulia mama, hakuna maumivu. Hakukuwa na maumivu kweli.

Naona mbali. Usiku taa zina duara za mwangaza kuzizunguka, na macho yananikauka, natia matone. Yale matundu madogo hayapo tena. Nimejaribu kwa miwani ya kusomea, nimejaribu na lenzi ya kukuzia, haiji. Nashona kofia za matundu makubwa, za kuvaa kila siku, na bwana harusi akija namwelekeza kwa jirani. Ile siku ya kwanza kumwelekeza mtu kwa jirani nilikosa hamu ya kula.

Tunakaa uani kama zamani, mimi kwangu, yeye kwake. Hatujaongea tena habari za mwalimu. Lakini mama siku hizi akitaka kulia halii tena palepale, ungo mapajani. Huinuka, akashika ukuta, akaingia ndani na kurudisha mlango. Mimi naweka kofia chini, namfuata.